Harufu ya Upya

Ilianza kwa kushindwa kumaliza kicheko. Wifi yangu Spesioza alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda changu kipya, akinisimulia jinsi mjomba wao alivyokuja kwenye harusi yetu na koti la suti alilolivaa ndani nje, na jinsi alivyomfokea kila aliyejaribu kumwambia. Nikacheka. Katikati ya kicheko pumzi ikakatika, kama bomba lililofungwa ghafla. Spesioza aliendelea kucheka peke yake, mimi nimebaki mdomo wazi, nikijiuliza hiki ni nini.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi yumo ndani ya chumba kizuri kuliko vyote alivyowahi kulala, anashindwa kupumua, na anaona aibu kusema. Sitaeleza mapafu yanavyofanya kazi. Daktari atakueleza, na kama unafanana na mimi, umeshasoma kwenye simu mpaka umejizika mara kadhaa.

Mimi ni Mha wa Kasulu. Niliolewa Kibondo mwanzoni mwa kiangazi, wakati baridi ya asubuhi inawafanya watu wasimame juani na vikombe vya chai mikononi. Mume wangu, Onesmo, ni mtoto pekee wa kiume wa mama aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana, na mkeka kichwani. Siku hizi mama huyo ni raia, ana shamba Murungu na duka la nafaka mjini. Mimi humwita mabukwe, kama wanavyomwita mama mkwe kwao, naye huniita mukazana, yaani mke wa mwanangu. Miaka yake ya kambi ya wakimbizi mabukwe alilala chini. Aliapa kwamba mke wa Onesmo atalalia vitu ambavyo mgongo mwingine haujavigusa.

Akatimiza. Chumba kilipakwa rangi ya mafuta siku chache kabla ya harusi. Sakafuni kukatandikwa kapeti la plastiki lenye maua. Likaja godoro nene la sponji, na kabati kubwa la nguo, jeupe, lenye kioo mlangoni. Halikuwa la mninga. Lilikuwa la zile mbao za kiwandani zinazotengenezwa kwa vumbi la mbao na gundi. Nailoni za kila kitu zilichanwa siku ile ile ya harusi, mbele ya wageni. Mashangazi waliingia mmoja mmoja, wakivuta hewa kwa pua. "Eh, humu kunanukia upya," walisema, na mabukwe alisimama mlangoni akiyapokea maneno hayo kwa kichwa kilichoinuka.

Kwa desturi ya kwao bibi harusi hukaa ndani, haonekani, mpaka ndugu zake waje siku ya kutwarura, ndiyo siku ya kumtoa nje. Ndugu zangu walikuwa waje kutoka Kasulu baada ya kama wiki moja. Mabukwe alitaka waikute ile harufu. Kwa hiyo madirisha yakafungwa, mapazia yakashushwa, na Spesioza akasukumia khanga kuukuu chini ya mlango.

"Upya usitoroke," alisema.

Sasa nikwambie kwa nini niliogopa mapema kuliko mtu mwingine angeogopa. Chuoni nilisomea kemia, na mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu kemikali zinazotoka kwenye vitu vya nyumbani na kuingia hewani: magodoro, mbao za gundi, rangi, makapeti ya plastiki. Sikupima, kwa sababu hatukuwa na mashine ya kupimia. Nilikadiria. Ukijua kitu kimetengenezwa kwa nini, unene wake, ukubwa wa chumba, na joto na unyevu wa hewa, unaweza kukokotoa ni kiasi gani kitatoka na kitachukua muda gani kupungua. Nilipata alama nzuri. Na sasa nilikuwa nimefungiwa ndani ya mradi wangu mwenyewe, nimevaa kitenge kipya, nimeambiwa niinamishe macho.

Macho yenyewe yalianza kutoa machozi. Mashangazi wakafurahi.

"Analilia kwao," alisema mmoja. "Mwacheni. Mke asiyelia wiki ya kwanza ana lake jambo."

Nilijaribu kusema kwamba silii, lakini koo lilikuwa limekauka na sauti ilitoka kama ya mtu anayelia kweli. Kisha nikaanza kujiuliza kama labda kweli nalia. Ndivyo nilivyo. Nikiambiwa jambo kuhusu mimi, huliangalia kwanza kama huenda ni kweli.

Siku ya kutwarura niliwekwa uani kwenye jua, nikavuta hewa ya nje, na kifua kikafunguka. Nikadhani yamekwisha. Mama yangu alinitazama muda mrefu.

"Sauti yako imekwenda wapi?"

"Tumeimba sana."

Akaonyeshwa chumba. Akanusa, akasifu kama inavyopasa, na alipotoka alikuwa anajifuta jicho kwa ncha ya kitenge. Watu walisema mama mzazi naye analia.

Baada ya hapo ukaja wakati wa kikohozi, na kikohozi kina mabenchi yake. Asubuhi nilikaa kwenye benchi la hospitali na kikopo cha makohozi mkononi, nikiwa nimekifunika kwa kiganja ili watu wasione. Kila aliyekaa karibu nami alisogea kidogo. Nilikuwa mke mpya katika mji mdogo, nakohoa, na najua wanawaza nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Bibi mmoja aliyekuja na mguu uliofungwa bendeji aliniita nikae alipokuwa amekaa yeye, karibu na dirisha. "Wewe unahitaji upepo," alisema. "Mguu wangu hauhitaji upepo." Simjui jina, lakini nimemwombea mara nyingi kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Kifua kikuu hakikuonekana. Nilipewa vidonge vya nimonia nikavimaliza. Kisha dawa ya kikohozi ya maji. Kisha nikaenda kwa daktari mwingine mwenye kliniki yake, akanisikiliza, akaniuliza kama nina mawazo. Nikasema ninayo, tangu utoto. Akaandika dawa ya kutuliza. Hakukosea kuhusu mawazo, na hilo ndilo lililonitisha. Ukijulikana kuwa mtu wa wasiwasi, mwili wako haukubaliwi kuwa shahidi. Hata wewe mwenyewe unaacha kuuamini.

Lakini nilikuwa nimegundua kwamba nikiwa uani napumua, nikiingia chumbani nabanwa. Nilimwambia Onesmo jioni moja tukipepeta maharage.

"Ni chumba."

"Chumba gani?"

"Chetu. Kabati, godoro, rangi. Kuna hewa inatoka humo."

"Mbona mimi sikohoi?"

"Wewe unashinda Nduta." Alikuwa fundi wa maji kule kwenye kambi ya wakimbizi, anaondoka alfajiri na kurudi jioni.

"Lakini nalala humo."

Aliendelea kupepeta, kisha akasema, "Basi mwambie mama."

"Nimwambie nini? Kwamba zawadi zake zinaniua?"

"Usiseme hivyo."

"Ndiyo maana nakuuliza niseme vipi."

Tulikubaliana kufungua dirisha. Asubuhi tulifungua, na kila mabukwe alipopita alilifunga, kwa upendo kabisa, kwa sababu ya vumbi la barabarani na baridi. "Mtoto anakohoa, nanyi mnamwekea upepo," alimwambia Onesmo. Mtoto alikuwa ni mimi.

Nikafungua kompyuta yangu, nikakokotoa. Niliweka ukubwa wa chumba, unene wa mbao za kabati, godoro, ukuta. Mstari wa grafu ukaonyesha kilele siku za harusi, halafu kushuka, na kufikia mvua za kwanza ungekuwa chini kabisa. Nilifarijika mpaka nikapika wali wa sikukuu. Nilikuwa na mwisho wa ugonjwa wangu kwenye kioo cha kompyuta. Ningevumilia hadi mvua, nisimwambie mtu neno, nisimuumize mama wa watu, na mambo yangepita.

Kiangazi chote kilichobaki nilikaa hivyo. Nilipata pampu ya kuvuta mdomoni, kwa daktari wa hospitali ambaye hatimaye alisema neno pumu. Ilinisaidia, na iliufanya moyo wangu ukimbie na mikono itetemeke hadi nikawa namwaga chai. Nililala nimekaa, nimeegemea mito. Mifupa ya mabega ilijitokeza. Kisha nikapewa vidonge vyeupe vichungu, na mwili ukageuka upande mwingine: njaa isiyoisha, na uso ukavimba ukawa wa mviringo, huku mikono imebaki vijiti.

"Wifi, umenenepa uso tu," alisema Spesioza. "Picha ya kitambulisho utatoka vizuri, ya mwili mzima tusubiri."

Nilicheka kwa ndani, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mayai. Lakini mabukwe aliuona uso ule akaelewa lake. Akaanza kuniletea uji wa ulezi kitandani. Akanikataza kuchota maji na kuinama. Sikuwa na mimba. Nilimwambia. Akatabasamu, kwa sababu mke mstaarabu huwa anakana mwanzoni.

"Pumzika, mukazana. Ingia chumbani kwako, lala."

Kadiri nilivyougua ndivyo nilivyorudishwa mle ndani. Nilikuwa naogopa asubuhi, naogopa mchana, naogopa mlango ule mweupe wa kabati wenye kioo. Nikilifungua, joto la ndani lilitoka na kunigusa usoni, na kifua kikajifunga kabla sijachukua hata nguo moja. Nikaanza kuvaa nguo zile zile mbili zilizotundikwa msumarini.

Mvua zikaja. Nilizisubiri kama watu wa Murungu wanavyozisubiri, ila kwa sababu yangu mwenyewe. Ilinyesha siku mbili mfululizo, madirisha yote yakafungwa, na siku ya tatu niliingia chumbani nikakuta harufu ya siku ya harusi imerudi yote. Mbao za kabati zilikuwa zimevimba chini, pale gamba jeupe lilipokuwa limebanduka. Nilisimama nikaelewa. Nilikuwa nimekadiria kwa hewa ya kiangazi. Unyevu nilikuwa nimeuwekea namba ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, mimi mtu wa Kasulu, kana kwamba huku kwetu hakuna mvua. Na maji hewani huzifanya gundi za namna ile zitoe kemikali zaidi. Hilo nilikuwa nimeliandika mimi mwenyewe kwenye ukurasa wa tatu wa mradi wangu.

Nilitaka kutoka. Nakumbuka niliutaka mlango, na mlango ukawa mbali. Pampu ilikuwa mfukoni, nikavuta, hakikuingia kitu. Kila pumzi iliingia kidogo na kukataa kutoka, nikawa nimejaa kama debe. Watu hudhani mtu anayekosa hewa hupiga kelele. Hana hewa ya kupigia kelele. Niliangusha beseni, na mlio wake ndio ulionisaidia.

Mabukwe aliingia na mikono yenye unga wa muhogo. Aliniangalia midomo. Alinibeba. Sijui mwanamke wa umri ule alinibeba vipi. Spesioza alikimbia barabarani akasimamisha bodaboda, tukapanda mishikaki kwenye mvua, mimi katikati, mabukwe nyuma amenizungushia mikono na kunishikilia wima.

"Usilale," aliniambia sikioni njia nzima. "Sema neno lolote. Nitukane ukitaka."

Hospitali walinivalisha kinyago cha mvuke wa dawa. Muuguzi alisugua kile chuma cha kusikilizia kifua kwenye gauni lake kwanza ili kisiwe baridi, na nikatokwa na machozi kwa ajili ya hilo tu. Nilikuwa nimewaza kifo kwa namna nyingi, lakini kila mara nilijiona nimelala. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufa amekaa, akiwa na akili timamu, akihesabu vigae vya ukutani.

Mvuke ulipofungua njia kidogo, nilimshika mabukwe mkono. Nilikuwa na pumzi ya maneno machache, na katika miezi yote ile sikuwahi kuyachagua vizuri. Nikayasema vibaya.

"Mabukwe. Ni chumba."

"Chumba kimefanya nini?"

"Kabati. Godoro. Vinanisonga."

Alinitazama. Akajifuta unga uliokuwa umegeuka uji mikononi mwake. Akatoka nje ya wodi, na siku zote nilizolazwa hakurudi. Spesioza ndiye aliyeleta chakula.

"Umemwambia nini mama?" aliniuliza. "Hali, hasemi. Jana kamfukuza mteja dukani."

Nikamwambia. Spesioza akaweka kijiko chini. "Hata mimi ningekusikiliza kwa shida," alisema. "Na mimi ni mtu wa kisasa."

Nilipotoka hospitali Onesmo alinipeleka Kasulu kwa mama yangu. Nililala kwenye kitanda changu cha shuleni, kwenye nyumba ya matofali mabichi ambayo mbu na upepo huingia bila kuuliza. Siku zikapita, pampu ikakaa mfukoni. Nilipumua. Na hofu, badala ya kuondoka, ikabadilisha kiti. Nilikuwa bibi harusi wa miezi michache niliyerudi kwetu. Mama aliniambia nikapumzike uani, si barazani, na nilielewa kwa nini. Nilikuwa nikipumua na nikiwaza: nikirudi kwa mume wangu nitakufa, nikibaki hapa nimeachika.

Katikati ya msimu wa mvua mabukwe alikuja. Alishuka na mfuko wa unga wa muhogo, viatu vimejaa matope, akasalimiana na mama yangu kwa heshima zote, mwakeye na yote yanayofuata, akauliza habari za mihogo na za padri. Kisha akanigeukia.

"Nimelala humo," alisema.

"Wapi, mabukwe?"

"Chumbani kwako. Tangu ulazwe, Onesmo akilala kwangu. Nimefunga dirisha, nimefungua kabati wazi, nimelala kwenye godoro lile. Sijakohoa hata mara moja."

Hiyo ndiyo hukumu niliyokuwa naiogopa kuliko pumu. Basi ni mimi. Ni mawazo yangu, na kijana wa watu nimemharibia ndoa kwa hadithi ya vitabuni. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Akanyoosha kiganja kunizuia.

"Ngoja. Nilikuwa nataka kuja kukwambia hivyo tu kisha niondoke. Lakini nikiwa kwenye lile godoro nilimkumbuka mdogo wangu. Kambini tulipewa unga wa msaada, wote tulikula tukashukuru. Yeye akila anavimba midomo. Mama alimchapa, alisema anadeka, anachagua chakula na sisi ni wakimbizi. Alimchapa mpaka siku alipoanguka akawa wa bluu. Nilimwona na ile rangi. Na wewe nimekuona nayo."

Mama yangu aliuliza polepole, "Akafa?"

"Oya, hakufa. Yupo. Ana wajukuu. Unga ule hali mpaka leo, na sisi hatumuulizi."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Kwa hiyo chumba hakijanifanya kitu mimi," alisema, "na wewe kinakuua. Yote mawili nimeyaona. Sasa utarudi ulale na mume wako chumbani kwangu. Kitanda ni cha mninga, cha zamani, godoro limebonyea katikati. Kabati nimelitoa, liko stoo na magunia. Ukishindwa na huko, tutakuhamishia jikoni. Lakini utashindwa ukiwa kwangu."

Nilirudi. Nisikudanganye, niliingia chumba kile nikiwa nimeshika pampu kama mtu aliyeshika panga. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, mabukwe amekaa kando yangu, wote wawili tunasikiliza kifua changu. Kilipiga mluzi kidogo kisha kikanyamaza. Tukaendelea kukaa mpaka akasema uji unaungua.

Sijapona kabisa. Kuna nyumba siingii, na maduka ya magodoro nayapita upande wa pili wa barabara. Mtu akipaka rangi jirani, mimi nahama kwa siku kadhaa. Bado siwezi kusema ni wapi pumu inaishia na hofu inaanzia, na nimeacha kulazimisha kujua. Ukiwa kwenye hali hii, usisubiri uwe na maneno mazuri au hesabu kamili. Toka nje kwanza, upate pumzi, halafu useme vibaya kama nilivyosema mimi.

Jambo moja lilikuwa limebaki, nalo ni watu. Mke mpya analala kwenye kitanda kilichobonyea na mama mkwe analala kwenye kitanda cha harusi. Nilijua litasemwa. Lilisemwa baada ya ibada, Jumapili, na jirani aliyekuja kusalimia akauona mlango uko wazi na mtandio wa mabukwe umetundikwa mle.

"Mama Onesmo," alisema, "huyu mkwe umemfanyaje? Umemnyang'anya kitanda?"

Nilikuwa nakuja na sinia la chai. Nikasimama kwenye ukumbi, vikombe vikaanza kugongana.

"Kanipa," alisema mabukwe. "Aliona mgongo wangu, akasema mama, lala wewe kwenye kipya. Nilikataa. Huyu akisema jambo hasikii."

"Basi umepata mkwe," alisema jirani. "Wangu hata kiti hanipishi."

"Ndiyo hivyo. Wasomi hawa wanawaza sana."

Niliingia, nikaweka sinia mezani, nikapiga goti, nikammiminia mabukwe kwanza. Hakunitazama. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akaendelea kumweleza jirani jinsi godoro jipya lilivyo laini.